Tangi Lililobeba Maji

Gari lilikuwa la mama. Naanza hapo kwa sababu watu wengi wa kijijini kwetu Kabati walipenda kuanza kwingine: kwamba lilikuwa la marehemu baba, kwamba lilikuwa la ukoo, kwamba zamani lilikuwa la Mzungu wa shamba la mkonge aliyeliuza alipochoka na jua letu. Yote hayo ni kweli. Lakini baba, aliyekuwa dereva wa malori ya jeshi wakati wa vita, ndiye aliyemfundisha mama kuliendesha. Alimfundishia kwenye njia ya mchanga iendayo Tulia, akitembea kando ya gari huku ameshika mlango, kama mtu anayemzoeza ndama kamba. Siku aliyouachilia ule mlango, mama hakusimama. Alikwenda hadi sokoni, akageuza, akarudi. Tangu siku ile baba alikaa upande wa abiria, na mtu akimuuliza sababu, alijibu kwamba gari limepata mwenyewe.

Homa ilipomchukua baba, gari lilibaki na usukani uliong'aa pale mikono ya mama ilipouzoea. Lilikuwa kuukuu tayari. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka ikafanana na majani ya mbaazi, na taa zake mbili kubwa zilimkodolea macho kila mpita njia. Mama alilitumia kubebea ndengu, zile choroko za kwetu, na kuku wa kupeleka sokoni, akabebea wanawake waliokaribia kujifungua, na kila Jumapili alimbeba mama yake mzazi, ambaye sisi Wakamba tunamwita susu. Susu alikuwa akipanda gari lile kwa kilemba safi na uso mkavu, asimwangalie mtu yeyote njiani.

Kisha tangi likaanza kuvuja.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, niko nyumbani. Tulilala chini ya gari, mama na mimi, tukaona ufa mwembamba kwenye tumbo la tangi, na petroli ikidondoka kwenye mchanga. Susu aliinama akatazama.

"Chombo kikivuja kinazibwa kwa nta," alisema. "Kwani hiki ni chombo cha malaika?"

Hakuna aliyecheka. Katika nchi yetu ya mizinga, nta ya nyuki ndiyo inayoponya kila kitu. Kibuyu kikipasuka, hushonwa kwa uzi wa mkonge, kisha ufa hupakwa nta, na uji haupiti tena. Susu alikuwa amevishona vibuyu vya nusu ya kijiji. Basi tuliimimina petroli yote, tukalikausha tangi juani, na susu akailainisha nta mkononi, akaukandika ule ufa kwa kidole gumba, polepole, kwa ustadi ambao ningependa leo kuandika nao sentensi moja tu.

Ilishika. Tuliondoka Jumamosi kwenda Tulia, na mama aliimba njia nzima. Tulipoanza kuyaona mabati ya soko, gari lilikohoa, likaruka kidogo kama mbuzi, likanyamaza. Petroli ilikuwa imeila nta. Nusu yake ilikuwa imeingia kwenye mrija ikauziba, na nusu ilining'inia chini ya tangi kama kamasi ya mtoto. Watu wa soko walitusukuma kwa kicheko. Mmoja aliuliza kama tulikuwa tumejaza uji.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, alikuwa pale na baiskeli yake. Alilizunguka gari mara moja.

"Shemeji," alimwambia mama, "mmelizibaje?"

"Kwa nta."

"Gari si kibuyu, shemeji."

"Naona."

"Unaona sasa. Kaka angekuwepo, angeona jana."

Wiki ile ile aliwaita wazee wa ukoo nyumbani kwetu. Alikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini Kitui aliyetaka injini ya kuzungushia kinu cha unga, na maneno yake yalikuwa yamenyooka: mali ya marehemu isioze huku ukoo unatazama. Wazee walimgeukia mama. Nilikuwa nikigawa chai, nikaona jinsi alivyolifunga vizuri pindo la kanga yake kabla ya kujibu.

"Jumapili ya mavuno," alisema, "kila nyumba itapeleka sadaka kanisani. Yangu itakwenda kwa gari hili, mimi nikiliendesha. Lisipofika kwa nguvu zake lenyewe, shemeji alichukue papo hapo, na mimi nitamsaidia kulisukuma."

Mzee mmoja alipiga fimbo chini kukubali. Ndengu zilikuwa zimeanza kukauka shambani. Hatukuwa na muda mrefu.

Fundi wa Kabati, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, alilitoa tangi akalibonyeza kwa bisibisi. Bisibisi ilizama.

"Mama, hii imekuwa karatasi," alisema. "Nikitia moto hapa, tundu moja litazaa mengine. Tafuta tangi jingine. Magari ya namna hii yalikuwa ya watu wa mkonge. Nenda kwenye reli. Nenda Makindu."

Tulishuka kusini kwa lori la mfanyabiashara mwingine, tukiwa tumekaa juu ya magunia. Tulivuka mto Athi, tukafika Kibwezi, na kutoka hapo tukapanda treni. Mama alibeba kibuyu cha asali ya susu, kwa sababu mtu wa Kitui haendi kuomba kitu mikono mitupu. Makindu tulilala kwenye hekalu la Masingasinga, wale Wahindi wa vilemba, ambako msafiri yeyote alipewa chapati na dengu bila kuulizwa kabila wala dini. Mama alijifunika kichwa kama walivyomwelekeza, akala kwa adabu, akaniambia kwa Kikamba kwamba dengu zao zimekosa tu kukaangwa na mtu wa kwetu.

Asubuhi tulimkuta fundi mmoja wa Masingasinga hao, ambao watu wa reli waliwaita Makalasinga. Karakana yake ilikuwa imezungukwa na mifupa ya magari, nasi tulipita katikati yake, mama akiinama na kugusa, akiinama na kugusa. Mwishowe alisimama mbele ya ganda moja jekundu la gari. Lilikuwa mwenzake wa gari letu, taa zile zile na mkia ule ule, ila ubavu wake ulikuwa umeingia ndani.

"Hii ilipigwa na kifaru," fundi alisema kwa Kiswahili chake cha reli. "Mwenyewe alipanda juu ya mti, akakaa mpaka kifaru ikachoka."

"Tangi lake liko wapi?"

"Tangi nilipatia bibi moja ya punda. Ile bibi nauza maji."

Tulimkuta huyo bibi nje ya mji, mwanamke mkavu mwenye sauti kubwa, akimfokea punda wake. Na mgongoni mwa punda, likiwa limefungwa kwa kamba na kuzibwa kwa gunzi la mahindi, lilikuwapo tangi letu. Nasema letu, kwa maana mama alipoliona alishusha pumzi kama mtu aliyemwona ndugu yake kwenye umati. Alieleza shida yake kwa Kikamba, kwa heshima. Yule bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hiki ni kisima changu," alijibu. "Kabla yake nilikuwa nabeba maji kwa kichwa. Mwambie mume wako atafute kwingine."

"Mume wangu alikufa. Gari ni langu."

"Na dereva ni nani?"

"Mimi."

Bibi alimtazama punda, kana kwamba anamtaka awe shahidi. "Wewe. Na kanga hiyo."

"Na kanga hii."

"Wakamba wa Kitui mnajua kusema." Alicheka, akatema mate pembeni. "Haya. Sijawahi kuona mwanamke mweusi akishika usukani. Niletee hapa pipa lililojaa maji kutoka kwenye chemchemi, na gari uliendeshe wewe mwenyewe, nikikuona kwa macho yangu. Pipa libaki kwangu. Hapo utalibeba hili."

Tulirudi kwa Kalasinga. Alikuwa na lori dogo la kubebea vyuma, na mapipa matupu hayakukosekana. Mama aliweka kibuyu cha asali juu ya meza yake ya kazi, akamweleza. Fundi aliifungua asali, akachovya kidole, akakilamba.

"Mama kweli najua gari?"

"Najua."

"Breki yake nakamata kulia sana."

"Langu linakamata kushoto. Nitazoea."

Alimpa ufunguo pamoja na pipa, akapanda nyuma, nadhani ili awe karibu na mali yake. Mimi nilikaa kando ya mama. Kwenye chemchemi tulijaza pipa kwa debe, wanawake wa pale wakitusaidia na kuuliza dereva yuko wapi. Mama aliingia, akakunja kanga juu ya magoti, akaweka gia. Njia ilikuwa ya mawe na mteremko mkali kuelekea kwenye korongo kavu. Wenye malori wengine huuteremka mteremko huo kwa breki, na maji humwagika. Mama aliuteremka kwa gia ndogo, kama baba alivyomfundisha, injini ikinguruma chini kwa chini, mguu wake mbali na breki ile mbovu. Niliyatazama maji kupitia kioo cha nyuma. Yalitikisika, yakapanda hadi mdomoni mwa pipa, yakarudi. Nimeandika kurasa nyingi tangu wakati ule, nikitafuta mwendo kama ule, wenye uzito wote ndani na usiomwaga kitu.

Yule bibi alikuwa amewaita majirani. Walisimama kwenye ua wa miiba, na gari liliposimama, walisogea kuchungulia. Bibi aliliendea pipa, akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akautoa unachuruzika. Kisha alikwenda kwa punda akafungua kamba.

"Mwaitu," alimwambia mama kwa Kikamba, yaani "mama yangu", neno ambalo mkubwa halazimiki kumwambia mdogo. "Chukua. Lakini gunzi ni langu."

Ndani, tangi lilikuwa limeanza kushika vumbi la kutu, ingawa bati lake lilikuwa bado zima. Kalasinga alitaka kutafuta mnyororo wa kulikwangua. Mama alikuwa ameshachota changarawe kwenye korongo. Aliitia ndani pamoja na maji kidogo, akashika upande mmoja, nami upande wa pili, tukaanza kulitikisa kama tunavyotikisa vibuyu nyumbani kuviondolea harufu ya maziwa yaliyokaa. Changarawe iliimba. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili yakatoka na rangi ya chai, na mwisho yakatoka meupe. Fundi alimulika ndani kwa tochi, akalisuuza kwa petroli, akasema tu, "Iko safi." Njia nzima ya kurudi mama alilipakata tangi kwenye treni, na mtu alipotaka kuliwekea mguu, alitazamwa mpaka akauondoa.

Fundi wa Kabati alilifunga, akasafisha mrija na kabureta vilivyojaa nta ya susu. Susu alikuwa pale akitazama.

"Hii nta," alimwambia fundi, "usiitupe. Bado inafaa kwa vibuyu."

Jumapili ya mavuno tulipakia magunia ya ndengu, maboga, kuku wawili waliofungwa miguu, na susu kwa mbele na kilemba chake. Baba mdogo alikuwa amefika kanisani mapema, pamoja na vijana wenye kamba ya kulivutia gari. Walituona tukipanda kile kilima cha mwisho, mahali ambapo hata baba alikuwa akisali kidogo. Gari halikukohoa. Lilipanda kwa sauti moja, polepole, likaingia uwanjani katikati ya watu waliovaa nguo za sikukuu. Mama alilizima mbele ya mlango wa kanisa, akashuka, akampa susu mkono, kisha akaanza kushusha magunia yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Wale vijana wa kamba walikuja kumsaidia kubeba.

Baada ya ibada, mzee wa fimbo alimtazama baba mdogo, na baba mdogo akatazama viatu vyake. Hakukuwa na haja ya baraza jingine.

"Shemeji," mama alimwita, mlango wa nyuma ukiwa wazi. "Jua ni kali. Panda, nikufikishe."

Alipanda. Tulipopita sokoni alitoa kichwa dirishani, akawapungia watu mkono, akawaambia kwa sauti kwamba gari letu hili ni chuma, halina mfano Kitui nzima. Susu alitaka kumjibu. Mama alimgusa goti, akaingiza gia, macho yake mbele njiani, na hakumnyang'anya baba mdogo neno hata moja.