Alianza Joto Alfajiri

Mtaalamu wa uhimilishaji alikuwa amemtilia ng'ombe wangu mbegu mara tatu, na mara zote tatu zikapotea. Jioni ile nilirudi kutoka shuleni ninakofundisha, nikamkuta ng'ombe analia tena, ute unaning'inia mkiani: joto la kutaka dume limerudi, mimba haikushika. Nikakaa chini pale pale mlangoni mwa banda.

Ndani ya nyumba alikuwamo mume wangu, mwaka wa pili tangu kiharusi kimlaze. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyotushikilia hapo mtaani Nguvumali, na sasa yalikuwa yakikauka. Mchinjaji wa mtaani alishapita mara mbili, akampapasa mgongo, akaenda zake.

Nilimpigia simu mtaalamu. Safari hii hakusema atakuja asubuhi kama kawaida. Aliuliza joto limeanza saa ngapi. Nikamjibu jioni.

"Jioni ndipo ulipoona wewe," akasema. "Yeye alianza lini?"

 Akanieleza taratibu kwamba ng'ombe akianza alfajiri hutiliwa mbegu jioni ile ile. Akingojwa hadi kesho yake, wakati umeshapita.

Mama mkwe wangu alikuwa kibarazani akipepeta mchele. Tangu nikatae mwanawe mgonjwa apelekwe Muheza kwa ndugu zake, tulibakiwa na shikamoo na marahaba tu. Nilisimama mbele yake, nikamuuliza ng'ombe alianza kulia lini.

"Tangu nilipomaliza kuswali alfajiri," akasema. "Kila mara huanza saa hizo."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza, mwanangu."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Miezi yote ile mjuzi alikuwa nyumbani mwangu.

Usiku ulikuwa umeshaingia, mtaalamu hakuweza kufika, tukangoja joto lijalo. Wiki tatu baadaye mama mkwe ndiye aliyeniamsha, kabla hata hajakunja mswala. Mtaalamu akaja jioni hiyo. Alituagiza tumwache ng'ombe apumzike kivulini, maji yasimkatikie, kwa kuwa jua la Tanga nalo huharibu mimba changa. Siku zilizofuata mama mkwe alishinda akimjazia ndoo.

Miezi mitatu ikapita. Mtaalamu akampima kwa mkono, akatikisa kichwa kukubali kwamba ana mimba. Nililia kwa sauti, mama mkwe kanishika bega.

Lakini maziwa yalikuwa yamekatika kabisa, na hadi kuzaa ilibaki miezi sita. Nilipompa mume wangu habari, alijaribu kusema kitu, mdomo ukakataa. Nikamnywesha chai ya rangi kwa kijiko, kidogo kidogo.