Kisima Bila Wimbo

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nimecheza mpira wa kikapu mpaka nje ya nchi, na leo vijana wa chuo kikuu wananiita Kocha, mimi niliyeacha shule kabla sijajua kugawanya. Lakini nikisikia maji yakimwagika juu ya ngozi, narudi Hadado, kwenye kisima chetu, wakati wa vita vya serikali na shifta, waasi wa porini. Kilinuka matope, jasho na ngamia. Wanaume walisimama ndani yake mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo za ngozi toka chini hadi kwenye hori, beseni la ngozi la kunyweshea. Iliyojaa inapanda, tupu inashuka, na wimbo ndio ulioipangia mikono mwendo. Hata ngamia waliujua. Walisogea kunywa wakisikia wimbo wao.

Msimu huo askari wa serikali walituruhusu kisimani asubuhi tu. Jua likifika utosini, kila mnyama arudi kambini walikotukusanya, amekunywa hajanywa. Siku moja afisa wao akasimama ukingoni, akasikiliza, akasema wimbo ule unapeleka habari porini.

“Afande, hii ni ya ngamia bas,” aabo, baba yangu, akamwambia kwa Kiswahili chake. “Shifta nakunywa hori yangu?”

“Mzee, funga mdomo. Wote mfunge.”

Wakafunga. Bila wimbo, ndoo ya kwanza ikampiga adeer, ami yangu aliyekuwa kisimani, kifuani; ya pili ikapotelea chini. Ngamia wakabaki mbali, shingo zimenyooka, wakingoja kuitwa. Wiki ile kiu ilikuwa imeshaua wawili, na aabo hakuwa na mali nyingine.

Nikateremka mahali pa adeer. Sikutazama ndoo; nilitazama bega la aliye chini yangu. Bega likishuka, ndoo inakuja. Nikamwonyesha wa juu, naye akamwonyesha mwenzake, na kabla ya adhuhuri wanaume wazima walikuwa wanafuata mwendo wangu mimi. Aabo akawa anachota maji ya hori na kuyamwaga tena juu ya ngozi, taratibu, mpaka ngamia jike mkubwa akasogea. Wengine wakamfuata. Walikunywa wote.

“Huyu tayari anajiona,” adeer akasema njiani, akijisugua kifua. “Nani atamvumilia?”

Baadaye nikaenda Garissa kupakua malori. Mwalimu mmoja akaniona nikidaka magunia, akanipa mpira. Mengine nimejitafutia mwenyewe. Wachezaji wangu wa sasa wana viatu vingi kuliko mbuzi niliowahi kuchunga, lakini uwanjani wanapigiana kelele kama watu waliopoteana sokoni. Mwaka jana nikawapeleka Hadado. Kisimani sasa kuna injini. Mtu mmoja anaiwasha, maji yanatoka, hakuna wa kutazama bega la mwenzake. Nikamlipa mwenye injini aizime mpaka adhuhuri, vijana wakashuka kurushiana ndoo bila wimbo, wakitazamana mabega. Chuo kilikataa kuchangia. Basi, chakula, ndoo za kushonesha na injini iliyonyamazishwa: shilingi elfu kumi na nane, mia tatu na arobaini, za mfukoni mwangu.