Vidole Vilivyombakia Dativa

Saa saba mchana, mashine za kukoboa mpunga zinazimwa Kibaoni, mjini Ifakara. Wafanyakazi wanaelekea kwa mama ntilie. Dativa Eustaki haendi. Anajifuta pumba usoni kwa ncha ya khanga, anakaa juu ya gunia, anapakata gitaa jekundu la umeme na kuanza kulichapa.

Halijaunganishwa na spika, lakini mkono wa kulia unashuka kama unatwanga. Mkono wa kushoto, unaoshika shingo ya gitaa, una gumba, shahada na kidole cha mwisho.

"Viwili vya katikati vililiwa na mkanda wa mashine," anasema, bila kuacha kupiga.

Dativa, mwenye miaka 34, mzaliwa wa Masagati, ameendesha mashine hapa miaka tisa. Kwa siku hupata shilingi 8,000, na nje ya msimu mashine huwashwa siku chache tu. Juni mwaka juzi mkanda ulinasa mkono wa shati lake. Kinga ya bati iliyopaswa kuufunika ilikuwa imetolewa wiki mbili kabla, ili mkanda ukikatika ubadilishwe haraka.

"Nilimwambia bosi mara mbili. Akanijibu, 'Foleni ya mpunga ni ndefu, Dativa. Kinga itarudi msimu ukiisha.'"

Bosi alilipa hospitali. Kisha akawaambia watu kwamba Dativa ni mzembe.

"Kidonda kimepona," anasema. "Hilo neno halijapona."

Kabla ya siku hiyo alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya kigango chao, mwanamke pekee kati ya wapigaji. Mkono ulipopona alirudi mazoezini, akakuta gitaa liko mapajani kwa mtu mwingine. Mwalimu wa kwaya, Valentino, alimvuta pembeni.

"Dada Dativa, wewe sasa uimbe tu. Gitaa linataka mkono mzima. Waumini watakuwa wanakuangalia mkono badala ya kusali."

Dativa alitoka, na kwa miezi mitatu hakuimba hata akiwa anaosha vyombo.

Aliyemrudisha ni Muhammad Mwinyimvua, muuza vifaa vya simu ambaye ujanani alipiga muziki wa dansi Tanga. Dativa alimpelekea simu isiyoingiza chaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huo mkono umebakiwa na vidole vipi?"

Dativa anasema watu wote walikuwa wakimuuliza vilivyokatika. Huyu aliuliza vilivyobaki.

"Kodi kamili, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, inataka vidole vitatu, vinne," anaeleza Muhammad. "Lakini kuna pawa kodi, ya vijana wa magitaa ya makelele. Ina sauti mbili tu. Haisemi furaha wala huzuni. Ina nguvu basi."

Akamwonyesha. Shahada ikae kwenye uzi mnene kuliko zote, freti ya tatu, yaani kwenye kijichuma cha tatu cha shingo. Kidole cha mwisho kikae kwenye uzi unaofuata, freti mbili mbele. Nyuzi zilizobaki ziguswe kidogo na ubavu wa shahada, zisilie. Umbo hilohilo ukilisogeza juu au chini ya shingo, umepata kodi nyingine.

Wiki ya kwanza ilisikika kama bati linaloburutwa. Vidole vilitoka malengelenge.

"Unabana kwa hasira," mzee alimwambia.

"Ndiyo niliyonayo."

"Basi ihamishie mkono wa kulia. Wa kushoto uutulize."

Oktoba iliyopita, msimu ulipofungwa, bosi alichinja ng'ombe na kuwaalika wafanyakazi wote na madereva wa malori. Dativa akaomba kuunganisha gitaa kwenye spika ya mpiga muziki wa sherehe. Wimbo wake ulikuwa na pawa kodi tatu na ubeti mmoja:

*Mkanda uko uchi, mkono una nguo.*
*Nani mzembe, mwenye mkono au mwenye mkanda?*

"Tuliogopa atafukuzwa," anasema Justa, anayepepeta mchele hapo. "Lakini aliporudia, tukajikuta tunaitikia."

Bosi aliweka sahani chini, akaingia ofisini na kufunga mlango. Jumatatu fundi wa kuchomelea alikuja, akaufunika kwa wavu mkanda wa mashine iliyomkata Dativa. Hakuna aliyemwambia lolote, si pole wala samahani.

Habari zilimfikia Valentino, naye akaja nyumbani kumwomba arudi kwaya.

"Nilimwambia nitarudi siku atakaposimama mbele ya wanakwaya, aseme yale aliyoninong'oneza, kisha aseme alikosea." Mpaka sasa hajasimama. Alipoulizwa, Valentino alisema hilo ni jambo la ndani ya kwaya.

Jumapili jioni Dativa huwafundisha Justa na wanawake wengine wawili wa mashineni, wakipokezana gitaa hilo ambalo mzee Muhammad alimpa. Pia amejaza fomu za madai ya fidia. Anataka iandikwe kwamba kinga haikuwepo.

Msimu mpya utafunguliwa Mei, na bosi atawakusanya tena wafanyakazi. Mikanda ya mashine mbili nyingine bado iko wazi.

"Nimeshatunga beti mbili, kila mashine na wake," anasema, akisimama injini zinapowashwa. "Akizifunga mashine wavu kabla ya Mei, beti sitaziimba. Asipozifunga, safari hii wa kuitikia tuko wengi."