Taa Zinazotazama Barabarani

Ukikuta mwembe mfupi unaozaa sana katika ua wa nyumba pale Chang'ombe, yaelekea ulitoka mikononi mwa Ruthu Chibago. Kwa miaka mingi Ruthu aliendesha kitalu cha miche nyuma ya nyumba yake, ndani ya uzio wa minyaa. Aliuza michungwa na vipando vya mizabibu, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa kubebesha: kukata kikonyo cha mwembe bora, kukipachika kwenye shina la mwembe wa kienyeji, na kuvifunga kwa ukanda wa nailoni mpaka viwe mti mmoja. Mwembe wa kienyeji humngojesha mtu miaka mingi, naye hajui utamzalia nini. Mche wa Ruthu ulizaa mapema, na mnunuzi alijua tangu siku ya kwanza embe atakalokula.

Ruthu alizaliwa na ualbino katika kijiji cha wakulima. Utotoni alipalilia uwele na karanga bila kofia, kama ndugu zake, maana nyumbani hakuna aliyejua kwamba jua lilikuwa likimla. Alipokuwa msichana alikwenda kwenye mashamba ya Makutupora kufanya kibarua wakati wa mavuno ya zabibu. Msimamizi mmoja alimwona ngozi imemvimba, akamhamishia kwenye banda la miche, na huko ndiko alikojifunza kazi ya kisu. Macho yake hayakuona mbali, ila kitu kikiwa kiganjani aliweza kukiona vizuri. Kubebesha ni kazi ya kiganjani.

Mwaka jana kidonda kilimtoka kwenye sikio la kushoto, kikakataa kupona. Hospitalini walikata nusu ya sikio. Daktari alimweleza kwa upole kwamba ilikuwa saratani, kwamba imewahiwa, na kwamba tangu siku hiyo asifanye kazi mchana. Hata kibanda cha nyasi alichofanyia kazi kisingetosha, kwa sababu ardhi nyeupe ya uwanja wake ilikuwa ikiurudisha mwanga usoni. Ruthu aliuliza kuhusu miche. Daktari akasema atafute mtu mwingine wa kuitunza.

Hakukuwa na mtu mwingine. Mama yake alikuwa amefariki, na kaka yake Lameck, aliyeishi mtaa wa pili, alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka Majengo, akiingia kazini jua linapozama. Ruthu akaamua kuihamisha kazi badala ya kuiacha. Angemwagilia alfajiri na kubebesha jioni. Kilichobaki kilikuwa taa.

Yeye na Lameck walikwenda Majengo, kwenye duka la vifaa vya umeme la Jamaldini. Ruthu alibeba kwenye mfuko mche mmoja wa mwembe na kisu chake, akitaka kuijaribu kila taa kabla ya kuilipia. Lameck alikwisha kuchagua tangu nyumbani. Alitaka taa kubwa nyeupe za ulinzi, mbili, zifungwe ukutani juu. Jamaldini akawasha moja. Ruthu akafumba macho, na machozi yakamtiririka.

"Dada yangu," Jamaldini alisema, "wateja wengine hulia wakisikia bei. Wewe umeanza mapema."

Ruthu alicheka, akamweleza kwamba mwanga mkali humpofusha. Jamaldini akaacha utani. Alishusha mlango wa duka nusu ili ndani kuwe giza, akawa anawasha taa moja baada ya nyingine, naye Ruthu akikata gome la mche chini ya kila taa na kutazama. Alichokuwa akikitafuta ni ule utando mwembamba wa kijani ulio kati ya gome na mti, kwa kuwa hapo ndipo vikonyo hushika. Chini ya taa nyeupe utando ulipotea. Chini ya taa ya bluu, ambayo Jamaldini alisema inapendwa sana na wenye hoteli, kila kitu kilionekana kama kimekufa. Mwishowe akaletewa taa ndogo ya manjano yenye kofia ya bati, ya kusimamishwa kwenye nguzo fupi, inayomwaga mwanga chini tu. Ruthu aliinama, akakata, akatabasamu. Utando ulikuwa pale.

Lameck hakufurahi. Hakuyasahau majira yale ambayo watu kama dada yake walikuwa wakiwindwa kwa sababu ya ushirikina. Yeye alikuwa kijana wakati huo, na usiku alilala kwenye kizingiti cha mlango wa dada yake akiwa na panga.

"Mlinzi hakai kwenye mwanga, mdogo wangu," alisema. "Anakaa gizani, mwanga anauweka mbele. Hizi zako zitakuweka wewe mbele."

"Mimi silindi, kaka. Nafanya kazi."

Jamaldini akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Lameck akazibeba taa nne za manjano mwenyewe, na kesho yake mchana akazifunga katikati ya vitalu bila kusema mengi.

Wiki zilizofuata zilikuwa njema. Jua likishazama Ruthu alitoka, akavua kofia na shali ambavyo alikuwa havivui nje tangu ugonjwa, akaketi kwenye kigoda kati ya taa. Hewa ya jioni ilimpiga kichwani na sikio lake lililokatwa lilipoa. Wateja walizoea kuja wakitoka kazini. Mvua za kwanza ziliponyesha na kumbikumbi kujaa kwenye taa nyeupe za majirani, kwake walikuja wachache tu, hawakumsumbua. Jirani yake Penina alimtania kutoka mlangoni kwake.

"Ruthu, umefungua ukumbi wa harusi. Bwana harusi yuko wapi?"

"Nimembebesha kwenye mwembe," Ruthu alijibu. "Akishika nitakualika."

Alikuwa na miche mingi zaidi iliyoshika msimu ule kuliko misimu yote aliyofanya kazi mchana.

Jioni moja, akiwa ameinamia shina, alisikia minyaa ikitikisika upande wa barabarani. Alidhani ni mbuzi. Kisha mtu akakohoa.

"Endelea tu," sauti ya mwanamume ilisema. "Usisimame."

Ruthu aliinua uso. Mbele ya mwanga palikuwa na giza tupu, na macho yake yasingeweza kuona mbali hata mchana. Aliuliza ni nani.

"Mpita njia. Nakutazama tangu juzi. Mikono yako ni myepesi sana." Akatafuna kitu. "Unakaa peke yako?"

Ruthu alikuwa ameshika kisu, lakini hakujua akielekeze wapi. Alimwita Penina kwa nguvu zake zote, na kabla Penina hajafungua mlango, alisikia nyayo zikiondoka taratibu, nyayo za mtu asiye na haraka.

Penina alikuja na tochi na wanaume wawili. Hawakumpata mtu. Nje ya uzio, mahali ambapo minyaa ilikuwa imepanuliwa kwa mikono, waliona tofali lililowekwa kama kigoda, na pembeni yake rundo la maganda ya karanga. Maganda ya juu yalikuwa makavu, ya chini yalikuwa yamelowa mvua ya juzi yake. Mtu alikuwa ameketi pale jioni zaidi ya moja, akila karanga, akimtazama.

Mwenyekiti wa mtaa alipoarifiwa alisema pengine ni mlevi, au mtu mpweke tu aliyevutiwa na kazi. Huenda ni kweli. Hakurudi, wala hakujulikana.

Ruthu alijaribu tena jioni iliyofuata, na nyingine. Aliketi palepale, akawasha taa zake, akainama. Aliuona utando wa kijani, lakini hakuweza kuukata sawasawa, kwa kuwa masikio yake yote mawili, zima na nusu, yalikuwa kwenye uzio. Kila jani lililodondoka lilikuwa mguu. Alijikata kidole gumba hadi damu ikaingia kwenye mche, na vikonyo alivyofunga wiki ile vilikauka vyote.

Lameck alikuja asubuhi ya Jumapili baada ya zamu. Aliviona vikonyo vyeusi na kidole kilichofungwa kitambaa. Hakumkumbusha maneno yake ya dukani. Aliuliza tu kama amlete fundi afunge zile taa nyeupe.

"Hapana," Ruthu alisema. "Zigeuze hizihizi."

"Zipi?"

"Zote. Ng'oa kofia zake, uzipeleke kwenye uzio. Zitazame barabarani."

"Na kazi ya kisu je?" Lameck aliuliza.

"Giza halitaki kisu, kaka."

Alizihamisha siku hiyohiyo.

Sasa jioni Ruthu huketi nyuma ya taa zake, mahali pasipoonekana. Anamwagilia kwa kupapasa, anajaza udongo kwenye viriba vya plastiki, anang'oa magugu kwa vidole. Miche anayouza ni ya kienyeji, isiyobebeshwa. Mtu akitaka iliyobebeshwa humwelekeza Makutupora. Kisu amekipaka mafuta, amekifunga kitambaa, amekiweka ndani ya sanduku la nguo.

Watu wanaotoka sokoni hupita kwenye kipande kile cha barabara, ambacho zamani kilikuwa na mashimo na giza, na sasa kinaonekana chote. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani hupita karibu kila jioni, na mara nyingi husimama kidogo mbele ya uzio.

"Mungu akubariki, mama wa miche," husema. "Umetuwekea mwanga."

"Amina," Ruthu hujibu.

Na yule mama hugeuka huku na huku, kwa kuwa hajui sauti imetoka wapi.