Loku Amefunga

Mariam Poni alikuwa mtu wa kushika. Sokoni aliminya mihogo kabla ya kuuliza bei, na kila asubuhi alizunguka gari lake akigusa matairi kwa kiganja. Tabia hiyo alirithi kwa baba yake, mzee Igga, aliyeendesha malori ya jeshi enzi ambazo kila nyumba Koboko ilikuwa na ndugu kambini. Mzee alimfundisha binti yake gari huku majirani wakicheka, na somo lake la kwanza alilirudia mpaka likamchosha yeye mwenyewe.

"Watu nasema kuuliza si ujinga," alisema. "Kwa boliti ni ujinga. Boliti haiulizwi. Boliti nashikwa."

Kwa miaka yote aliyobeba abiria kati ya Koboko na Arua, Mariam hakuwahi kuivunja amri hiyo. Aliivunja mwaka huu, alasiri moja ya mfungo, na aliyekuwa ndani ya gari alikuwa baba yake mwenyewe.

Shokapu za mbele zilikuwa zimekufa. Gari likipita tuta lilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Mzee alikuwa apasuliwe jicho Arua kesho yake asubuhi, na daktari alishaonya kwamba baada ya hapo kichwa chake kisitikiswe. Basi Mariam akanunua koilova: shokapu na springi katika kitu kimoja, mwili wake umechongwa nyuzi kama boliti kubwa. Springi inakalia ringi. Ukiizungusha ringi kupanda, gari linainuka; ukiiteremsha, gari linalala. Chini yake iko ringi ya pili, na hiyo ndiyo kufuli. Ikikazwa kwa spana yake yenye ndoana, ya juu haiendi popote. Isipokazwa, ya juu itateremka kidogo kidogo kila gari likitikisika, mpaka springi ipoteze kiti chake.

Gereji hakwenda. Fundi mmoja alishamtolea pampu nzima akamrudishia mbovu, na tangu hapo gari lake halikufunguliwa mahali pengine isipokuwa uani kwake. Alimwita Loku, jirani aliyetoka Yei, ng'ambo ya mpaka, mpole, mwenye mikono mizito. Walikuwa wameelewana: Loku angempeleka mzee Arua jioni hiyo hiyo na kumchukua mke wake mwenyewe, Keji, aliyekuwa huko. Mariam mwenyewe asingeweza kwenda, kwa kuwa siku hiyo zamu ya kupika futari ya msikiti ilikuwa yake.

Walifanya kazi tangu asubuhi, Mariam upande wa kulia, Loku wa kushoto, kila mtu na spana yake ya ndoana. Jua lilikuwa kali na koo la Mariam lilikuwa limekauka. Waliteremsha gari, akapima kwa vidole nafasi kati ya tairi na bodi. Kulia vidole vinne. Kushoto vitatu.

"Kwako iko chini," alisema. "Inua ringi, halafu kaza kufuli."

Loku akainua tena upande wake, akatoa tairi, akaingiza kichwa ndani. Adhana ya alasiri ikasikika. Mariam akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akainama kuchungulia chini ya gari, akaona miguu ya Loku tu.

"Loku, wewe nafunga?"

"Ee, Mama Zulaika. Nafunga."

Akaenda kuswali. Tuseme ukweli, alikuwa amechoka, na hapakuwa na sababu ya kutomwamini Loku. Lakini hakuzunguka gari kwenda kushika.

Alipomaliza swala aliingia moja kwa moja jikoni, akasikia gari likiondoka. Uji ulikuwa unachemka, na sambusa hazingojei mtu. Muda ulipita kabla hajatoka uani kutafuta sinia. Juu ya kigoda aliona kikombe cha chai na mandazi mawili, chai imepoa, inzi wanatembea ukingoni. Ni yeye aliyeagiza Loku apewe, maana mgeni asiyefunga huwezi kumshindisha njaa kwa sababu ya dini yako.

"Zulaika, mbona Loku hakunywa chai?"

Binti yake alikuwa anaanua nguo. "Amekataa. Anasema nafunga. Iko Kwaresima yao, Mama. Mwaka huu imeanza siku moja na yetu."

Mariam alisimama pale pale. Kisha akaenda mbio mahali Loku alipokuwa akifanyia kazi. Spana ya kushoto ilikuwa imelala kwenye kitambaa, bado ndani ya nailoni yake, haijafunguliwa.

Mtu alimwuliza mwenzake kuhusu ringi, mwenzake akajibu kuhusu tumbo. Kama si baba yake aliyekuwa ndani, angecheka.

Alimpigia Loku. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na alijua haitapokelewa, kwa sababu ni yeye aliyemwapisha Loku kwamba akiwa nyuma ya usukani wake hashiki simu hata akipigiwa na rais. Akampigia mzee.

"Baba! Mwambie Loku asimame. Loku hajafunga!"

"Nani?" Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. "Loku? Amefunga, mwanangu. Mimi nampa biskuti, anakataa. Mimi tu ndio nakula, sababu ya dawa."

"Si hiyo, Baba. Hajafunga ringi! Haikuka..."

Simu ilikufa. Alipopiga tena, haikupatikana. Hasira zilimpanda, juu ya Loku, juu ya mtandao, juu ya neno lenyewe linalobeba mizigo miwili bila haya. Kubwa kuliko zote ilikuwa juu yake mwenyewe. Miaka yote ya kushika, na leo, kwa baba yake, ameuliza.

Alimwachia Zulaika sufuria, akachukua spana, akapanda boda ya Ayiko, kijana wa stendi asiyehitaji kuambiwa aharakishe. Njia ya Arua ilikuwa na malori, na kila walipolipita moja Mariam alichungulia mbele akitafuta weupe wa gari lake mtaroni. Kila kundi la watu kando ya barabara lilimkata maini. Akilini aliona ringi ikishuka, springi ikicheza, tairi likikwaruza bodi, na mbele kona na daraja. Alianza kusoma dua, akaisahau katikati, akaanza tena.

Upande wa Maracha aliliona. Lilikuwa kando ya lami, limeinama upande wa kushoto, taa za hatari zinawaka. Loku alikuwa amepiga magoti kwenye gurudumu. Mzee Igga alikuwa amekaa juu ya jiwe, fimbo kati ya magoti, anatafuna biskuti.

Mariam alishuka kabla boda haijasimama. Alimshika baba yake mabega, halafu mikono, halafu uso, mpaka mzee akamsukuma kidogo.

"Mimi iko mzima. Angalia gari."

Tairi lilikuwa limechunika ukingoni. Ringi ilikuwa imeteremka mpaka springi ikawa inachezacheza kwenye kiti chake. Loku alitazama chini.

"Nilikaza na mkono tu, Mama Zulaika. Nikasema wewe ndio utamaliza, spana ni mambo yako. Wewe ukauliza kama nafunga, mimi nikajua ni ya Mungu."

"Nani amekusimamisha?" Mariam aliuliza.

Loku alimwonyesha mzee kwa kidevu. "Kutoka simu yako, ananipiga fimbo mabegani. Simama, simama. Mimi sikuona kitu. Kutoka nje, ndio naona tairi."

"Baba, ulisikia nilipotaja ringi?"

"Sikusikia ringi. Nilisikia Loku hajafunga." Mzee alipangusa chembe za biskuti kifuani. "Mimi nikafikiri. Mtoto wangu Poni, mimi namjua. Hawezi kupiga simu kusengenya mfungo ya mtu. Kama si tumbo ya Loku, basi ni gari."

Mariam aligeuka upande wa barabara, akalia, ushungi mdomoni. Loku na Ayiko walijifanya wanatafuta jeki. Kisha akapangusa macho, akavua viatu, akalala chini kwenye changarawe. Aliinua ringi mpaka springi ikakaa, akapandisha kufuli, akatia spana ya ndoana, akavuta kwa mikono miwili mpaka chuma kikakataa. Halafu akavuta tena. Jua lilikuwa linazama, na kutoka kijiji cha nyuma ya migomba adhana ilianza. Loku alimletea maji ya kufungulia kinywa. Alitikisa kichwa kwamba angoje, akatambaa upande wa kulia, ule aliokaza mwenyewe asubuhi.

"Poni," mzee aliita kutoka kwenye jiwe. "Umeuliza?"

"Nimeshika, Baba."

"Yote mbili?"

"Zote mbili."

"Haya. Kunywa maji."