Nilivyochemsha Miraa ya Posa kwa Kiyoyozi Nilichokifunga Mwenyewe

Kosa ni langu peke yangu. Jina silitaji kwa sababu Meru ni ndogo, na waliokwisha kunicheka wanatosha.

Mimi si mtu wa kubahatisha. Nina diploma ya majokofu na viyoyozi, na kwa miaka sita nilipoza majumba makubwa huko Ghuba. Nilirudi na jasho langu, nikajenga Kinoru, nikanunua gari. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mjue ni mtu wa kiwango gani aliyeaibika.

Nilikuwa nimepanga kwenda kumposa Gakii, mwalimu wa Kanyakine. Baba yake ni mzaliwa wa Maua, mtu wa kushika mila. Bila kitita cha miraa mbichi kilichofungwa kwa majani ya mgomba, hakuna mazungumzo. Akikipokea na kutafuna, mlango umefunguka.

Wiki ile kitufe cha kiyoyozi kwenye dashibodi kikavunjika. Fundi wa mtaani aliniomba nimwachie gari mchana mmoja tu. Nikamcheka. Nikanunua paneli iliyotumika, nikawasha video kwenye simu, nikabandua plastiki za dashibodi kwa kisu cha mkate. Vibanio vitatu vikakatika. Nyuma ya paneli palikuwa na nyaya mbili za chuma, moja ya kuchagua joto au baridi, nyingine ya kuelekeza upepo usoni au miguuni. Nilizichomoa bila kupiga hata picha moja. Picha ya nini, na kichwa ninacho?

Nilipomaliza zilibaki skrubu nne. Nikajiambia kiwanda kilizidisha. Nikawasha, upepo ukaja baridi, nikajipigia makofi. Jamani! Injini ilikuwa haijapata moto, na injini ikiwa baridi hata hita hutoa upepo baridi. Hilo nilifundishwa muhula wa kwanza!

Asubuhi ya posa nilimchukua baba mdogo kutoka Kibirichia. Baba yangu alishafariki, na yeye ndiye wa kunisemea. Alikipakata kile kitita kama mtoto mchanga. Nikamwambia akiweke chini, penye kivuli, kikae kama kwenye friji. Nikafungulia kiyoyozi hadi mwisho.

Kumbe zile nyaya nilikuwa nimezipachika kinyume, kila moja mahali pa mwenzake. Nilipochagua baridi, upepo wote ulienda miguuni. Nilipouelekeza usoni, nikafungulia hita yote. Baba mdogo, aliyetoka kwenye baridi ya mashamba ya viazi, alinishukuru mara mbili njiani kwamba miguu yake inasikia vizuri. Hata mimi nililihisi lile joto, nikadhani ni woga wa mkwe.

Kanyakine, baba yake Gakii aliyafungua majani mbele ya wazee. Miraa ilikuwa imelegea kama sukuma wiki iliyotoka jikoni. Akachukua kijiti kimoja, kikajikunja kidoleni mwake.

"Hii mliichuma au mliichemsha?" akauliza.

Wazee wakacheka. Hapo ndipo nilipotenda kosa lenyewe. Nilisema aliyeibeba ni baba mdogo, labda aliikalia.

Baba mdogo alimwambia mwenyeji kwa upole kwamba gari letu lina joto zuri sana la miguuni, kisha akaomba maji ya kunywa. Wote wakaelewa. Tulilishwa, tukaagwa, na posa haikutajwa. Baba mdogo alikataa kupanda gari langu, akarudi Kibirichia kwa njia yake.

Jioni nilimweleza Gakii habari za nyaya na vibanio, kwa kirefu, hadi nikamchorea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Gari mpelekee fundi," akasema. "Baba mdogo utamtengeneza mwenyewe."

Baba yake hajakataa, ila hazungumzi na kijana asiye na mzee wa kumsemea. Kwa hiyo Jumamosi nne sasa niko Kibirichia, napalilia viazi na diploma yangu. Baba mdogo hunionyesha mstari wa kuanzia, basi.

Ninyi wenye bisibisi mpya na video kwenye simu, nisikilizeni. Pigeni picha kabla ya kuchomoa chochote. Jaribuni kazi yenu injini ikiwa moto. Skrubu ikibaki, fungueni mrudie. Na mkiharibu, semeni "ni mimi" palepale, kabla neno halijawa zito. Mimi nimeweza kuwaambia ninyi msionijua. Mzee mwenyewe tunalima mistari miwili kando kando, na bado sijamwambia.