Mlango wa Nyuma

Mlango wa nyuma wa ambulensi yetu haufunguki kwa ndani. Mgonjwa mmoja aling'oa kitasa cha ndani, na wakubwa wakasema paachwe hivyohivyo, panafaa kwa wagonjwa wa akili. Hakuna aliyekumbuka kwamba huko nyuma hukaa pia Dada Mkubwa, mhudumu wetu. Mimi, dereva, ndiye ninayemfungulia. Zamani nilimtania kwamba ameolewa na gari. Siku hizi hacheki. Mumewe ananiambia kwamba nyumbani Dada hula mlango ukiwa wazi, hata mvua ikinyesha.

Mchana ule tuliitwa kwa fundi cherehani. Mkewe alitupokea nje. "Mwambieni mnampeleka kupima presha," alinong'ona. Ndiyo hila yetu sote, na mimi inanikera, lakini dereva ataulizwa na nani?

Fundi alikuwa amejikunyata chini ya cherehani yake. "Presha tena?"

Dada akapiga magoti. "Hapana, kaka. Nakupeleka wodi ya akili. Wiki nzima hujalala."

"Watanifunga kamba kama mwaka jana."

"Hawakufungi. Nipo."

Akatoka mwenyewe, akapanda. Nikafunga.

Hospitalini vitanda vilikuwa vimejaa. Tukangoja juani, na wale wawili humo ndani kama kuku kwenye tenga. Fundi akaanza kupiga mabati kwa viganja, gari likayumba. Walinzi wawili wakaja, mmoja ana kamba begani.

"Dereva, fungua."

Nikashika kitasa, nikachungulia kupitia kioo cha mlango. Dada alikuwa amebanwa pembeni, jasho linamtiririka. Alikuwa anaogopa. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo.

"Usifungue!" akapaza sauti. "Waweke kamba chini kwanza!"

"Utaumia humo, dada yangu!"

"Nimesema usifungue!"

Nikaondoa mkono. Walinzi wakanitukana matusi ya nguoni. Taratibu makofi yakapungua, yakaisha. Kisha tukamsikia fundi, sauti imechoka, ya upole kabisa.

"Na wewe je, dada? Walikwambia unakwenda kupima presha?"

Dada alilia, kilio cha mtu aliyesahau kwamba anasikika.

Mlinzi mwenye kamba akaiteremsha, akaiweka chini bila kuambiwa tena. Nikafungua. Fundi alishuka kwanza, kisha akageuka na kumpa Dada mkono ashuke.

Kesho yake asubuhi Dada alisimama kidogo nyuma ya gari, akavuta pumzi, akapanda. Nikafunga.